Barua ya wazi kwa wakubwa wetu hapa Tabora: tupeni ufunguo tumalizie filamu za misitu

Shikamooni wakubwa zetu, na poleni na majukumu.

Nawaandikia nyie wa uongozi wa chuo pamoja na nyie wa mjini mnaoshughulika na vibali vya mikusanyiko. Sitaji ofisi wala jina la mtu, wenyewe mnajijua. Barua yetu ya kwanza mliipokea mkaigonga mhuri, ila mwenzetu alivyokuja kuulizia majibu aliikuta chini ya rundo la mafaili ina duara la kikombe cha chai, ndo maana hii naiweka hadharani, nadhani ikipita kwenye simu za watu itawafikia mapema kuliko ile iliyopita mapokezi.

Ishu yenyewe ni ukumbi na Jumamosi zetu.

Kwa ambao hawatujui, sisi ni wanafunzi, tuna klabu ya sinema tunayoiendesha wenyewe, mlezi wetu kazi yake ni kusaini fomu tu na tunamshukuru kwa hilo. Jumamosi jioni tunafunga shuka mbili zilizoshonwa pamoja, tunawasha projekta tuliyochangishana, na tunaonesha filamu bure. Sio zile za ngumi na mabunduki, hizo vibanda umiza vya video vya Ng'ambo na Isevya hapa mjini vinazo za kutosha na mimi mwenyewe ni mteja. Tunaonesha zile ambazo huku hazifikagi, za Kijapani za miaka ya hamsini, za Wakolombia, za Wakenya, filamu ambayo mtu anaweza akatembea porini dakika kadhaa hakuna anayeongea wala anayekufa na bado umekaza macho. Mwaka huu tukasema mfululizo mzima uwe wa misitu. Tukaanza Septemba, na huo mwezi hatukuuokota tu, ndo kipindi miti ya mitundu inachipua majani mekundu kabla mvua haijaanza, ukipanda gari la Sikonge unaona pori lote limegeuka rangi ya shaba na watu ndani ya gari wameinamia simu.

Kwa nini misitu? Hilo swali mlituuliza nyie wenyewe siku ya kwanza, kwamba vijana mbona hamuoneshi za ujasiriamali. Jamani, Tabora! Mji huu unakula msitu asubuhi mchana na jioni. Asali inatoka miombo, yaani haya mapori yetu, kitanda cha mninga kinatoka miombo, mkaa wa mama ntilie unatoka miombo, na ile tumbaku ya mvuke inayosomesha wengi darasani kwangu inakaushwa kwa kuni kwenye mabani, vile vibanda vya kukaushia, vya Urambo, Kaliua na Sikonge. Chuo cha nyuki kiko hapahapa mjini. Hata sheria zenyewe, ya Misitu ni namba 14 ya mwaka 2002 na ya Ufugaji Nyuki ni namba 15 ya mwaka huohuo, zimefuatana, aliyezipanga alijua anachofanya. Sasa mji wa namna hii ukikosa sehemu moja tu ya kukaa gizani pamoja na kuutazama msitu bila kusomewa risala, mimi naona hapo kuna kasoro.

Nusu ya ratiba ilienda vizuri na hamkutugusa. Ikaja Novemba, tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni. Maonesho yamesitishwa. Tukitaka kuendelea, filamu ziwe za kuhamasisha upandaji miti, kila filamu itanguliwe na mada ya mtaalamu, watakaoingia wawe wanafunzi wenye vitambulisho tu, na ushauri juu yake kwamba ingependeza tukasogeza zote mpaka Aprili ziende sambamba na siku ya taifa ya kupanda miti. Jumamosi iliyofuata ukumbi ulikuwa umepambwa vitambaa vya zambarau na dhahabu, kuna sendofu.

Nianze na sendofu maana hiyo haina maneno mengi. Inalipa, sisi hatulipi, tunaelewa kabisa na hakuna aliyekasirika na bibi harusi. Kama Jumamosi ni siku ya hela tupeni Jumatano. Tupeni hata bwalo baada ya chakula cha jioni, tutafuta meza wenyewe. Hilo limeisha.

Ambalo halijaisha ni la "ujumbe" na la "watu wa nje", na haya mawili yalizaliwa usiku mmoja, kwa hiyo acha niusimulie kama ulivyokuwa kwa sababu taarifa mliyopelekewa najua imeongezwa chumvi.

Usiku huo tulionesha Rashomon ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1950, nyeusi na nyeupe, ile iliyochukua tuzo kubwa kule Venice mwaka uliofuata. Kwa kifupi samurai, mpiganaji wa Kijapani wa zamani, kauawa porini, na kila shahidi anatoa ya kwake: jambazi anasema lake, mke wa marehemu lake, marehemu mwenyewe anatoa ushahidi kupitia mganga wa kike, na mwisho mkata kuni naye ana la kwake. Wote hawalingani. Sasa mimi ndo nashika maiki, natafsiri pale pale kwa Kiswahili kwa staili ya vibanda vyetu, maana subtaito za Kiingereza mama anayeuza karanga mlangoni hazimsaidii. Kuna sehemu mwanzoni huyo mkata kuni anaingia msituni na shoka begani, anatembea, anatembea, kamera iko nyuma yake, mbele yake, inaangalia jua kupitia kwenye majani, hakuna neno hata moja, ni muziki tu. Sikuwa na cha kutafsiri. Nikashusha maiki. Ukumbi mzima kimya, mpaka sauti ya mzee mmoja nyuma ikasema "huyo mbona hajabeba maji", watu wakaangua kicheko, na kwa kweli hajabeba.

Alivyokuja yule mganga kumpandisha marehemu nilitegemea watacheka. Wapi! Safu nzima ya kina mama mbele walikuwa wametulia wanaitikia kwa vichwa, wao kwao huo ni ushahidi halali kuliko wa jambazi.

Halafu mvua ikaanza. Ndani ya filamu mvua ni kubwa vibaya, wanasema waliitia wino ionekane kwenye kamera, na nje nayo ikafungua, mabati yakapiga kelele nikawa napaza sauti hadi koo linakauka, kumbikumbi wakaingia kwa madirisha wakajaa kwenye shuka juu ya uso wa samurai na watoto wakawa wanawaokota wanatia kwenye chupa. Filamu ikaisha. Mvua haikuisha. Hakuna aliyeweza kuondoka, na watu wakikaa bila kazi wanaongea, ndo kilichotokea, mtu mmoja akauliza swali la kawaida tu, "sasa nani kamuua?", wakabishana, wakabishana, mpaka jamaa mmoja anayeleta mkaa kwa baiskeli kutoka upande wa Tumbi akasema hii kesi ni kama ya msitu wetu, kila mtu anajua nani kaumaliza na kila mtu anamtaja mwenzake.

Basi hapo ndo pakawaka. Mkulima wa tumbaku akasema wanaomaliza ni wa mkaa. Wa mkaa akasema mimi nabeba magunia kwa baiskeli, wewe bani lako linakula tani ngapi kwa msimu. Bwana misitu mmoja mstaafu, mtu wa heshima zake, akasema tatizo ni mifugo inayoingia kila kiangazi, kijana mmoja wa Kisukuma akamjibu kwa adabu kwamba ng'ombe hajawahi kushika shoka. Dada mmoja wa mwaka wa pili akauliza na mbao za mninga zinazopita usiku zinapitaga na karatasi ya nani, hapo kukawa na kigugumizi kidogo. Hakuna aliyemtukana mtu. Ukumbuke kwenye filamu hata huyo mkata kuni anayeonekana mwema mwishoni unagundua kisu cha thamani kilichopotea kina uhusiano na mikono yake, na nadhani kila mtu mle ndani alikuwa ameshaliona hilo ndo maana hata waliokuwa wanabishana walikuwa wanajichekea wenyewe. Mvua ikakatika, watu wakaenda kulala.

Hiyo ndo mliyoletewa kama "mkutano usio na kibali".

Wakubwa zetu, kwa heshima yote, mimi nimehudhuria semina za mazingira tangu shule ya msingi, na hakuna hata moja ambayo nimeona mkulima wa tumbaku na muuza mkaa wanaongea ana kwa ana. Tunakaa, tunaambiwa Tanzania ina hekta milioni 48.1 za misitu, tunaambiwa kata mti panda mti, tunapewa soda, tunasaini posho kama ipo, tunaondoka. Namba ni ya kweli na ni kubwa. Ila ukitoka pale huna ulichobishana na mtu. Nyie mnasema Rashomon haina ujumbe wa misitu, na kweli haina, hakuna hata mti unaopandwa mle, lakini usiku ule walioongea msitu wa Tabora walikuwa wengi kuliko siku yoyote niliyowahi kukaa kwenye huo ukumbi.

Sinema sio dozi ya mseto ya malaria kwamba lazima uambiwe kwanza inatibu nini na umeze vingapi. Mtaalamu akitangulia na mada yake ya dakika arobaini watu wanaingia kwenye filamu wakiwa wameshapewa jibu, wanakaa kusubiri liprintiwe mbele yao, na lisipotokea wanaona wamepotezewa muda. Mtaalamu aje, tunamtaka sana, bwana nyuki aje na bwana misitu aje, ila akae kwenye kiti kama wengine, atazame, na taa zikiwaka aongee akitaka. Wiki tuliyoonesha Honeyland ndo ilivyokuwa na hamkusikia kelele yoyote.

Na hiyo Honeyland ndo jibu langu kwenye la watu wa nje. Najua haina msitu, ni milima ya mawe huko Masedonia Kaskazini, baadhi yenu mlishangaa inafanya nini kwenye ratiba. Tuliiweka kwa sababu ya asali, basi. Ni dokumentari ya mwaka 2019, ilitajwa Oscar mara mbili, kama dokumentari na kama filamu ya kimataifa. Kuna mama anaitwa Hatidže anaishi na mama yake mzee mgonjwa kwenye kijiji ambacho wengine wote wamehama, hakuna umeme, na anarina asali kwenye nyufa za mawe kwa mikono mitupu, kila akivuna anachukua nusu, nusu anawaachia nyuki. Inakuja familia jirani na watoto na ng'ombe wao, baba anaona asali ina hela, anafuga nyuki naye, halafu anatokea mnunuzi anamsukuma ongeza, ongeza, anavuna zote. Nyuki wa huyo baba wakiwa na njaa wanavamia mizinga ya yule mama wanaua nyuki wake.

Wanafunzi tuliokuwepo tungeitazama tukasema "aisee inasikitisha" tukaenda kula chipsi. Ila alikuwepo mzee mmoja wa asali, amekuja mjini kuuza, kalala kwa mwanae hapo Kiloleni akaletwa na wajukuu. Tangu yule mama anapoacha nusu mzee akaanza kuongea na shuka. "Eeh. Huyu anajua. Waachie mama, waachie." Mnunuzi alipotokea akasema kwa sauti "huyo mlanguzi huyo, na kwetu yupo", ukumbi ukacheka, na mimi nikaacha kutafsiri kwa sababu yeye alikuwa anatafsiri vizuri zaidi. Taa zilipowaka akasimama bila kuitwa. Akatueleza mzinga wa gome unavyochunwa kwenye mti, unazungushia juu, unazungushia chini, unalitoa gome zima kama lilivyo, na mti uliochunwa hivyo haufiki mbali, unakauka umesimama. Akasema baba yake alikuwa nayo mingi sana hiyo, na yeye mwenyewe alianza nayo, sasa hivi ana ya mbao na michache ya magogo. Kisha akasema maneno ambayo bwana nyuki aliyekuwepo aliyaandika kwenye daftari lake nikimwona: kwamba watu wanadhani mrina asali hana kosa lolote porini.

Huyo mzee kitambulisho cha chuo hana. Kwa karatasi yenu ya mlangoni asingeingia.

Tunajua mna wasiwasi wa usalama, mabweni yako karibu, simu zinaibiwa, ni kweli. Mlinzi aandike majina, mlango mmoja ufunguliwe, saa nne usiku geti lifungwe, tumekubali yote hayo tangu barua ya kwanza. Ila msitufungie waje wanafunzi peke yao. Klabu ilivyoanza tulikuwa hivyohivyo, wanafunzi kumi na kitu, nusu wako WhatsApp, mtu anatoka katikati anasema ni slow. Waliofanya Jumamosi ziwe Jumamosi ni watu wa mtaani, bodaboda wanaopaki nje wakaingia kwa kusubiri abiria wakasahau abiria, kina mama wa karanga, vijana wa stesheni ambao treni yao imechelewa.

Mkitaka ujumbe, mkae na Dersu Uzala, tuliyofungua nayo Septemba. Kurosawa huyohuyo, mwaka 1975, safari hii aliipiga kwenye misitu ya mashariki ya mbali ya Urusi na ikapewa Oscar ya filamu ya kigeni. Mwindaji mzee wa porini anamwongoza kapteni wa jeshi anayechora ramani. Kuna kipande wawili hao wamekwama kwenye barafu, upepo unakuja, jua linazama, na mzee anamwambia kata nyasi, kata nyasi, kata usisimame, wanakata mpaka kapteni anaanguka kwa kuchoka, na hizo nyasi ndo zinakuwa kibanda cha kuwaokoa usiku. Watu walikuwa wanapiga makofi kama goli limeingia. Lakini mwishoni mzee macho yanamwishia, kapteni anamchukua kwenda kuishi naye mjini, na huko mjini haruhusiwi kukata kuni, haruhusiwi kujenga kibanda, haruhusiwi kufyatua bunduki, na anashangaa inakuwaje maji yanauzwa. Makofi yakaisha. Mnajua ni wangapi kwenye ule ukumbi wana baba au babu ambaye pori alilokulia leo akiingia na panga ni kesi? Mimi sisemi sheria ya hifadhi ni mbaya, mto Ugalla umekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019 na nafurahi upo, nasema tu kwamba ule ukimya ulikuwa wa watu wanaomjua Dersu kwa jina lingine, na semina haijawahi kunipa ukimya huo.

Na Princess Mononoke ya Miyazaki, ya 1997, ambayo kuna mtu wenu aliiita katuni za watoto. Sawa ni katuni. Mle kuna bibi anaitwa Eboshi ana ngome ya kuyeyusha chuma, anafyeka mlima, miungu ya msitu inamchukia hadi kufa, ila ndani ya ngome yake kawapokea wagonjwa wa ukoma ambao hakuna aliyewataka na wanawake aliowatoa kwenye madanguro, wanakula vizuri, wana kazi, wanampenda. Mtoto wa mkulima wa tumbaku akiitazama hiyo hawezi kukuambia kirahisi nani mbaya. Mimi ni mmojawapo. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilipita kwenye bani.

Sasa zilizobaki. Tumebakiza Embrace of the Serpent ya Kolombia, ya msitu wa Amazon na mambo ya kugema utomvu wa mpira. Tumebakiza Pumzi ya Wanuri Kahiu, Mkenya, ya 2009, ni fupi, dakika ishirini na kitu, watu wanaishi ndani kwa ndani maji yote juu ya ardhi yamekwisha na msichana anapata udongo anaotesha mbegu. Tumebakiza Taking Root ya 2008 inayomhusu Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha harakati za kupanda miti mwaka 1977, akapigwa na walinzi wa kukodiwa pale msitu wa Karura Januari 1999 akiwa anapanda mche, na mwaka 2004 akapewa Nobel ya amani. Hii nayo mnataka itanguliwe na mada ya mtaalamu? Mtaalamu ndo huyo mwenyewe, alikuwa na PhD tangu 1971.

Ya kufungia ni Jane, ya 2017, inayomhusu Jane Goodall yule mtafiti wa sokwe, na hii nawaomba mniruhusu niizungumze kidogo maana ndo ya nyumbani. Picha zake zilipigwa na Hugo van Lawick miaka ya sitini pale Gombe, hapo Kigoma, mwisho wa reli yetu, zaidi ya saa mia moja za mikanda ambayo ilikaa stoo mpaka ikaibuliwa 2014. Mama Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 na ametutoka Oktoba 2025, dunia nzima ikamlilia, sisi tulio treni moja kutoka hapo tukaona status. Ni filamu nzuri mno, rangi zile, vile vilima vya ziwani, na nina ugomvi nayo vilevile. Ukiitazama unaweza kudhani msituni alikuwa yeye na sokwe na mpiga picha. Mwaka 1975 watafiti vijana wanne walitekwa pale Gombe na waasi kutoka ng'ambo ya ziwa, wageni wakaondoka, na waliobaki kuwafuata sokwe kila siku na kuandika ni Watanzania, kina Hilali Matama na wenzake, utafiti haukufa kwa sababu yao. Hilo nataka nilibishanie hadharani, na Waha, watu wa Kigoma, wamejaa mjini hapa, wengine wana ndugu vijiji vya jirani na hifadhi, nawataka wawepo siku hiyo waniambie kama naongea uongo. Wengi wao sio wanafunzi.

Mkituambia Aprili mnatuambia hapana, tuseme ukweli. Aprili sisi wa mwaka wa mwisho tuko fildi, wengine Katavi, wengine Shinyanga, projekta inabaki kabatini. Siku ya kupanda miti tutakuja kupanda, kila mwaka tunakujaga, ila ile ni asubuhi na majembe na hii ni usiku na shuka, hazigombanii muda.

La karatasi pia nisiliruke. Sheria ya filamu ipo tangu 1976 na hakuna mwanaklabu anayesema yuko juu yake. Orodha yote tulishawaletea, pamoja na barua pepe tulizowaandikia wenye filamu na majibu ya wale waliojibu. Kama kuna fomu imepungua tuandikieni ni ipi na inapatikana dirisha gani. Tulichoambiwa mpaka sasa ni "mfuatilie", tumefuatilia dirisha moja tukapelekwa lingine, la pili likaturudisha la kwanza, na la kwanza mhusika yuko likizo.

Kwa hiyo tunachoomba ni hiki: siku moja kwa wiki mpaka ratiba iishe, iwe Jumamosi au nyingine yoyote, watu wa mtaani waingie kwa kuandikishwa getini, mtaalamu wenu aje kama mtazamaji, na maongezi baada ya filamu yasihesabiwe mkutano. Na nyie njooni. Siti za mbele tutawawekea, ila kina mama wa karanga wakiwahi kuzikaa itabidi mbanane nao.

Projekta ni nzima, jenereta tumeahidiwa na fundi mmoja wa Cheyo umeme ukikatika, mafuta tutachanga. Mlinzi anasema ufunguo anao mfukoni ila hawezi kutoa bila karatasi ya kwenu. Mkiiandika muiache kwake getini, na tafadhali mhuri ukolee wino, ile ya mwanzo aliigeuza geuza kwenye tochi mwisho akasema haoni tarehe akatufukuza.

Wenu,
mshika maiki wa klabu ya sinema